Namna ya Kusoma na Kupendekeza Riwaya za Kihistoria: Mwongozo kwa Wasomaji wa Moshi na Arusha

Mtu akikuuliza "nisome nini?" halafu ukamjibu "soma hiki, ni kizuri sana", hujamsaidia. Riwaya ya kihistoria inataka zaidi ya hapo, kwa sababu msomaji ataondoka nayo akiamini kwamba ameambiwa jambo kuhusu watu waliowahi kuishi. Sisi wa Moshi na Arusha jambo hili linatugusa kwa karibu. Mti anaotajwa kunyongewa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi, tarehe 2 Machi 1900 uko Old Moshi, na ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi kichwa chake kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Boma la Wajerumani lililokamilika mwaka 1900 ndilo makumbusho ya pale mjini Arusha. Tengeru kuna makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi, waliofika kuanzia mwaka 1942 na kuishi kambini wakiwa takriban 5,000. Habari ambazo wengine wanazisoma tu, hapa zina wajukuu.

Kwa hiyo shauri langu kwa wenye vikundi vya kusoma, walimu, wauza vitabu, na yeyote ambaye ndugu na jirani humwomba kitabu, ni hili: pendekeza kwa mtu unayemjua, na usipendekeze mpaka ujue historia inaishia wapi na ubunifu wa mwandishi unaanzia wapi. Hatua zinazofuata ndizo tunazozitumia katika kikundi chetu hapa Moshi.

Hatua ya 1: Tenganisha riwaya ya kihistoria na riwaya iliyozeeka

Watu wengi huweka kila riwaya ya zamani katika fungu moja. Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1979 na inazungumzia vijiji vya Ujamaa. Alipoiandika, mambo hayo yalikuwa yanaendelea mbele ya macho yake. Leo tunaisoma kama dirisha la zama zile, lakini mwandishi hakuwa anatazama nyuma. Alikuwa anagombana na siku zake. Peponi ya Abdulrazak Gurnah ni jambo jingine. Mwandishi alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaandika kwa Kiingereza riwaya hii, iliyotoka mwaka 1994 kwa jina la Paradise, kuhusu miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, miaka ambayo hakuiona. Ilimbidi aijenge upya kwa kusoma, kusikiliza na kubuni.

Kipimo kinachotumika sana ni miaka 60. Kimetoka kwa Walter Scott, Mskoti aliyetoa Waverley mwaka 1814 akisimulia uasi wa mwaka 1745, na kwenye jina dogo la kitabu akaeleza kwamba ni mambo ya miaka sitini nyuma. Tuzo ya riwaya za kihistoria inayobeba jina lake bado inashika kipimo hicho. Sikichukulii kama sheria, ila kinasaidia: kwa hesabu hiyo Uhuru wa 1961 na Mapinduzi ya 1964 yameshaingia, na Azimio la Arusha la 1967 limefika mlangoni.

Faida ya kutenganisha ni kwamba maswali yanabadilika. Riwaya iliyozeeka unaiuliza: mwandishi aliona nini katika siku zake? Riwaya ya kihistoria unaiuliza: alijuaje, na kwa nini alichagua zama hizo na si nyingine?

Hatua ya 2: Soma kwanza kwa hadithi, kisha rudi na kalamu

Safari ya kwanza usishike kalamu. Acha hadithi ikuchukue, kwa sababu ukianza kusahihisha tarehe katika ukurasa wa tatu utakosa kitu pekee ambacho riwaya inakipita kitabu cha historia, yaani kumkalisha mtu ndani ya nafsi ya mwingine. Ukimaliza, kaa siku chache. Sehemu zitakazobaki kichwani bila kuzilazimisha ndizo utakazoanza nazo unapompa mtu mwingine.

Ukirudi mara ya pili, chukua daftari na ugawe ukurasa kwa mstari katikati. Kushoto andika yaliyokuwepo kweli, kulia andika yaliyobuniwa. Kwa Peponi, kushoto utaandika misafara ya biashara kutoka pwani kwenda bara, watoto kuwekwa rehani kwa madeni ya wazazi, Wajerumani kuingia na askari wao. Kulia utaandika Yusuf, mtoto aliyetolewa na babake kwa sababu ya deni, na Ami Aziz, tajiri anayemchukua. Utaona pia kwamba kisa cha Nabii Yusuf kinapita chini kwa chini, na hicho unakiandika katikati kabisa, juu ya mstari. Sehemu ya pili ya riwaya hiyo iko katika mji ulio chini ya mlima, na msomaji wa Moshi hahitaji kuelezwa hewa ya mahali kama hapo ilivyo.

Usijali kama upande wa kulia utakuwa mrefu kuliko wa kushoto. Hiyo ni riwaya, si ripoti.

Hatua ya 3: Kagua vitu vidogo

Mwandishi mzembe hakosei vita kubwa, kwa kuwa tarehe ya vita kila mtu anaweza kuitafuta. Anakosea fedha, usafiri, cheo na bendera. Hebu tuchukue kifungu nilichokitunga kwa ajili ya zoezi hili:

"Mwaka 1908 Ngowi alishuka kwenye treni stesheni ya Moshi. Akamlipa mchukuzi shilingi mbili, akaitazama bendera ya Mwingereza juu ya boma, kisha akaelekea ofisi za KNCU kuulizia bei ya kahawa."

Sentensi mbili tu, zinasomeka vizuri, na karibu kila kitu ndani yake hakiwezekani. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Chini ya Wajerumani watu walitumia rupia. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1921. Waingereza waliingia Moshi Machi 1916, wakati wa vita. KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, iliundwa mwaka 1933, na hata chama kilichoitangulia, KNPA, ni cha mwaka 1925. Ngowi huyu anatembea katika miaka minne tofauti kwa wakati mmoja.

Tengeneza karatasi moja ya tarehe kama hizo na uibandike ndani ya jalada la daftari lako. Kwa mikoa yetu miwili ningeanza na hizi: 1848, mmisionari Johannes Rebmann anauona Kilimanjaro wenye theluji; 1892, watu wa Meli wanawashinda Wajerumani, nao wanarudi mwaka unaofuata na kumshinda; 1896, wamisionari wawili wanauawa Akeri huko Meru, na adhabu kali inafuata; 1911, reli; 1916, Waingereza; 1951, Wameru wanaondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet anapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa; 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda anasimika bendera na mwenge kileleni mwa Kilimanjaro; 5 Februari 1967, Azimio la Arusha linatangazwa.

Ukishamaliza tarehe, angalia kazi za mikono na chakula. Riwaya inayodai kuwa ni ya Uchaggani wa miaka ya 1890 na haina mfongo hata mmoja unaopitisha maji shambani, haina mgomba wala mbege, imeandikwa na mtu ambaye hakujisumbua. Kwa mambo haya kuna kitabu ninachokipenda sana, Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera cha Petro Itosi Marealle, kilichotoka mwaka 1947. Si riwaya, lakini kiweke karibu na riwaya yoyote inayogusa mlima.

Kisha wapo wazee. Usiende na kitabu mkononi kama mtu wa kumpa mtihani. Salimia, kaa, kubali kinywaji, halafu sema: "Shikamoo babu. Kuna jambo nimelisoma nikaona nije kukuuliza wewe." Akiitikia, msomee aya moja tu kwa sauti na unyamaze. Mara nyingi hatakuambia kama mwandishi yuko sahihi. Atakusimulia habari nyingine kabisa, na humo ndimo utakapopata jibu.

Tofautisha pia kosa na uamuzi. Mwandishi akisogeza tukio mwaka mmoja ili hadithi ikae sawa, na akasema hivyo mwishoni mwa kitabu, ametimiza haki yake kwa msomaji. Soma daima kurasa za mwisho zenye maelezo au shukrani, kwa maana humo waandishi wengi hutaja walikochota.

Hatua ya 4: Uliza nani anasimulia, na nani amenyamazishwa

Tarehe zote zinaweza kuwa sahihi na kitabu bado kikakupotosha. Mfano ulio wazi kuliko yote katika Kiswahili ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Ni kati ya simulizi ndefu za mwanzo kabisa za nathari ya kisasa katika lugha yetu, na mateso ya waliokamatwa yameelezwa kwa namna inayokaa moyoni. Lakini Mwingereza anaonekana humo kama mkombozi tu, na hiyo ndiyo sababu wahakiki wengi wamekilaumu. Mimi bado ninakipendekeza. Ila ninampa mtu pamoja na swali: nani alinufaika na kitabu hiki kusomwa shuleni enzi za ukoloni?

Swali hilo tunalihitaji zaidi kwa habari za Wamangi. Nyaraka nyingi za miaka ile ziliandikwa na maofisa na wamisionari wa Kijerumani. Wamangi wenyewe hawakuwa upande mmoja: Sina wa Kibosho, Rindi wa Moshi na mwanawe Meli, Marealle wa Marangu, kila mmoja alikuwa na hesabu zake na hofu zake. Riwaya itakayomfanya mmoja malaika na mwingine msaliti imechagua njia rahisi, na msomaji aliyetoka upande unaolaumiwa ataumia. Simaanishi tuzifiche riwaya za namna hiyo. Namaanisha ujue unampa nani.

Hesabu pia wanawake. Tazama kama wana majina, kama wanafanya uamuzi wowote, kama wanaonekana shambani na sokoni au jikoni tu. Na sikiliza namna wahusika wanavyofikiri: binti wa mwaka 1900 anaweza kukataa kuozwa, wapo waliokataa, lakini akikataa kwa maneno ya semina ya juzi, mwandishi amemvisha nafsi yake.

Hatua ya 5: Mjue msomaji kabla ya kumpa kitabu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Muulize mtu maswali matatu ya kawaida kabisa. La kwanza: kitabu gani ulikimaliza bila kulazimishwa? La pili: unasoma saa ngapi, na wapi? La tatu: kuna jambo ambalo kwa sasa hungependa kulisoma? Swali la pili watu hulidharau, lakini anayesoma kwenye daladala kati ya Kwa Mrombo na mjini anahitaji sura fupi, na anayesoma usiku watoto wakishalala anahitaji kitabu kinachomshika upesi kabla usingizi haujamshinda.

Mama mwenye duka anayependa hadithi za mapenzi mpe Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Inaanza na ndoa ya kulazimishwa, inakimbia, na kabla hajatambua ameshaingia katika siasa za kupinga ukoloni Unguja. Riwaya hii ilitoka mwaka 1999 na imetengenezewa filamu, iliyotoka mwaka 2021 chini ya Amil Shivji. Asome kitabu kwanza, filamu baadaye.

Kijana wa sekondari anayejua kusoma kwa ajili ya mtihani tu, mpe Kuli ya mwandishi huyohuyo. Ni habari ya Rashidi na wachukuzi wa bandarini Zanzibar, na mgomo ambao chanzo chake ni mgomo halisi wa mwaka 1948. Usimwambie kwamba kina mafunzo. Mwambie kuna mtu kama yeye asiye na kitu aliyesimama mbele ya wenye nguvu. Kuli hiyohiyo inamfaa mzee aliyefanya kazi ushirika wa kahawa, kwa sababu tofauti kabisa: yeye anajua mkutano wa wanachama unavyochemka, naye atakusahihisha wewe.

Waongoza watalii wa miji yetu wanasoma Kiingereza kila siku na wanaulizwa historia kila siku. Kwao ninapendekeza The Book of Secrets ya M.G. Vassanji, ya mwaka 1994. Inazunguka shajara ya ofisa wa Kiingereza katika mji wa kubuniwa mpakani, upande wa pili wa mlima wetu, Vita Kuu ya Kwanza ikikaribia na kisha kupiga. Mtu anayepita Himo na Taveta mara kwa mara ataisoma akijua barabara.

Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza ni zawadi kwa mtu mvumilivu, na ninaipenda kuliko zote nilizozitaja. Kitereza aliiandika kwa Kikerewe katika miaka ya 1940, akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1980 akiwa mzee sana. Ni Ukerewe ya kabla ya wakoloni: mume anakwenda kwa wakwe kumrudisha mkewe aliyechukuliwa kwa sababu hawajapata mtoto, na njiani unajifunza kilimo, dawa, adabu za ukweni, namna ya kupokea mgeni. Mwambie msomaji mapema kwamba kitabu hakina haraka, asije akafikiri kosa ni lake. Nimeona wanandoa wakisomeana sura moja moja, na nadhani hiyo ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kukimaliza.

Asiyependa Kiingereza lakini anataka hadithi ya nje ya nchi mpe Shujaa Okonkwo, tafsiri ya riwaya ya Chinua Achebe wa Nigeria ya mwaka 1958.

Sasa jibu la swali la tatu. Haini ya Adam Shafi ina gereza na mateso. Aliyewahi kupotelewa na ndugu mikononi mwa dola asiipokee bila kuambiwa. Riwaya za mauaji ya kimbari ya Rwanda ndizo ninazoziangalia zaidi. Arusha ilikuwa makao ya mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyosikiliza kesi hizo hadi mwaka 2015, na wapo kati yetu watu ambao habari hiyo ni ya nyumbani kwao. Uliza kwa upole, na akisema hapana, usiulize sababu.

Hatua ya 6: Toa pendekezo lenyewe

Pendekezo zuri lina mambo manne: ni wapi na lini, hadithi inaanzaje, kwa nini wewe hasa, na onyo moja. Mwisho usiuguse. Kwa mdomo, tukichukua Vuta N'kuvute, linasikika hivi:

"Mama, hii ni Unguja wakati wa Mwingereza, kabla ya Mapinduzi. Kuna binti wa Kihindi, Yasmin, ameozwa mwanamume mzee asiyemtaka, na siku moja anaondoka. Nimekuletea kwa sababu ulisema unapenda hadithi ambayo mwanamke hakai tu kulia. Majina ya mitaa na watu yatakuwa mengi mwanzoni. Usiyakariri, yatakukaa yenyewe."

Basi. Hakuna "itabadilisha maisha yako", hakuna orodha ya tuzo. Tuzo inamsaidia muuza vitabu. Mama anataka kujua kama kitabu kinamhusu. Ukiandika kwenye karatasi ya kubandika ndani ya jalada, ongeza mstari mmoja wa yale uliyoyakagua, kwa mfano kwa Kuli: "Wahusika ni wa kubuni, mgomo ni wa kweli." Mstari huo mfupi huzuia ubishi mwingi.

Na toa kitabu kimoja. Ukimpa mtu vitatu achague, ataviweka vyote mezani.

Hatua ya 7: Kuvipata

Maktaba za mkoa, Arusha na Moshi, ndizo pa kuanzia, hasa kwa matoleo ya zamani ambayo maduka hayana tena. Wauza vitabu vya mtumba wa barabarani hukutana na vitu vya ajabu, lakini hesabu kurasa kabla ya kulipa na uangalie kama sura ya mwisho ipo. Kama kitabu kiko Dar es Salaam, kwa wachapishaji wenyewe, lipa kwa simu, kije kama kifurushi kwa basi, ukichukue stendi. Agizeni watu kadhaa kwa pamoja ili mgawane gharama. Nakala za kudurufu zisizo na ruhusa ziacheni. Waandishi wetu wanaoishi kwa kalamu ni wachache mno.

Hatua ya 8: Fuatilia

Kuwa na daftari la kuazimisha: jina la mtu, kitabu, tarehe, na nafasi ya maneno machache akikirudisha. Mtu akirudisha, usimuulize "umekipenda?" maana atasema ndiyo kwa heshima. Muulize: "Umefika wapi ukashindwa kukiweka chini?" au "Wapi kilikuchosha?" Majibu hayo yaandike palepale, yatakusaidia kwa msomaji anayefuata.

Kama kikundi kinaweza, someni kitabu kisha mwende mahali. Makumbusho ya Azimio pale Kaloleni, boma la Arusha, Old Moshi, makaburi ya Tengeru, kila kimoja ni safari ya asubuhi moja. Omba ruhusa kwa wenyeji kabla ya kupiga picha, na kwenye mti wa Meli mwache mwenyeji aanze kuzungumza.

Mtu akirudisha kitabu hajakimaliza, kipokee bila maneno, andika ukurasa alioishia, na umpe kingine kifupi kuliko kile.